Kangomba ya makochi: jinsi duka la samani linavyozaa matawi na linavyokufa

Mtu wa Tandahimba au Newala hahitaji kuelezwa kangomba. Kwa mgeni, ni kipimo cha korosho kinachobeba zaidi ya kilo huku kikihesabiwa kilo, na jina hilo limehamia kwenye biashara yenyewe: miezi ya shida mnunuzi anampa mkulima pesa kidogo, na mkulima anaahidi korosho ambazo bado ziko juu ya mti. Serikali inaipiga marufuku miaka nenda rudi. Bei ndogo ni sehemu moja ya ubaya wake. Oktoba ikifika, mkulima anaokota korosho zilizo shambani kwake lakini si zake. Pesa yake aliila mwezi wa tatu.

Duka la samani linaweza kufanya hivyohivyo, na mara nyingi mwenye duka hajui kwamba ndicho anachofanya. Mteja anaacha kianzio cha kochi ambalo halijatengenezwa. Kianzio kinalipa mshahara, kodi ya pango, au mzigo wa mteja aliyetangulia. Duka linaonekana lina pesa, kwa hiyo linafungua tawi Masasi, kisha Lindi. Siku linapofungwa, mtaani watasema biashara ilikuwa mbaya, au mwenyewe kala mtaji na wanawake, au karogwa. Ukipata daftari la mauzo la mwaka wake wa mwisho unaweza kukuta aliuza kuliko mwaka wowote.

Makala hii inafuata njia ya hiyo pesa. Mifano mitatu mikubwa ni ya Uingereza, kwa sababu kule maduka ya samani yaliyoanguka yaliacha hesabu zinazosomeka. Hesabu ndogo ni za mtu wa Mtwara.

Made.com: pesa mbele, kochi nyuma

Made.com ilianzishwa London mwaka 2010. Wazo lake lilikuwa zuri: usiweke mzigo. Mteja anachagua kochi mtandaoni, analipa, kisha anasubiri wiki nyingi likitengenezwa kiwandani Asia na kusafiri kwa meli. Kampuni inashika pesa ya mteja leo na kumlipa mtengenezaji baadaye. Katikati hapo kuna pesa ambayo si yake lakini iko mkononi mwake, na kadiri oda zinavyoongezeka ndivyo nayo inavyoongezeka. Unakua bila kukopa benki. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayechukua mzigo kwa mali kauli na kuuza taslimu anaijua raha hiyo.

Wakati wa korona watu walifungiwa majumbani wakanunua samani kwa wingi, na Juni 2021 kampuni iliingia soko la hisa la London ikiwa na thamani ya pauni milioni 775. Kisha mambo mawili yakakutana. Gharama za makontena zilipanda na meli zikachelewa, wateja wakachoka kusubiri, nayo kampuni ikaamua kununua mzigo mapema na kuuweka ghalani ili ifikishe kochi kwa siku chache. Hapo mto ukageuka. Zamani mteja alilipa kwanza na kiwanda baadaye. Sasa kiwanda kililipwa kwanza na mteja akaja baadaye, tena mteja mwenyewe alianza kuadimika kwa sababu mwaka 2022 bei za vitu zilipanda na kochi jipya ni kitu cha kwanza kuahirishwa.

Novemba 2022 kampuni ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi, miezi 17 tu baada ya kuingia sokoni. Kampuni ya Next ilinunua jina la biashara na tovuti kwa pauni milioni 3.4, lakini haikununua ahadi zilizotolewa kwa wateja. Oda kama 12,000 zilibaki bila kufikishwa, na waliolipa waliambiwa wajiorodheshe kama wadai wengine.

Kufa kwa njia ya kukua kunawezekana, basi. Ila mtu wa huku hana soko la hisa. Tumshushe Mtwara.

Hesabu ya duka moja

Tuchukue duka la mfano, Mtwara mjini, linalouza seti za makochi peke yake ili hesabu isiwe ndefu. Tarakimu ni za mfano; weka zako uone.

Seti inauzwa 1,400,000. Inanunuliwa kwa mtengenezaji wa Dar es Salaam kwa 900,000. Lori, kupakia na kushusha ni 80,000, kwa sababu kochi ni jepesi lakini linakula nafasi: mwenye lori anatoza ujazo, hatozi uzito. Kumfikishia mteja na kumpangia ndani ni 30,000. Zinabaki 390,000. Anayesimamia duka akiona 390,000 kwa seti moja anaona dhahabu.

Sasa matumizi ya mwezi. Samani zinahitaji fremu kubwa. Seti moja na nafasi ya mteja kuizunguka inataka mita za mraba nane hivi. Chukua kodi ya pango 500,000. Hapo wengi hukosea. Sheria inamtaka mpangaji mfanyabiashara azuie asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka TRA. Mwenye nyumba naye anasema anataka laki tano yake mkononi kamili. Basi pango halisi ni 500,000 gawanya kwa 0.9, yaani kama 556,000. Wafanyakazi watatu kwa 250,000 ni 750,000. Umeme, mlinzi, leseni, karatasi za mashine ya risiti na mengineyo 194,000. Jumla 1,500,000 kwa mwezi.

Gawanya 1,500,000 kwa 390,000: duka linahitaji kuuza karibu seti nne kila mwezi ili lisimame palepale.

Kusini hakuna mwezi wa wastani. Kuna msimu wa korosho na kuna miezi mingine. Minada ya vyama vikuu vya ushirika, TANECU kwa Newala na Tandahimba, MAMCU kwa Masasi na Mtwara, RUNALI kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, Lindi Mwambao kwa upande wa pwani ya Lindi, huanza kwenye Oktoba, na pesa inapoingia kwenye akaunti za wakulima ndipo makochi, mabati na pikipiki vinapotoka. Tuseme duka letu linauza seti 14 kwa mwezi kwa miezi mitatu, na seti 2 kwa miezi tisa. Jumla seti 60.

Msimu: seti 14 mara 390,000 ni 5,460,000, toa 1,500,000, inabaki 3,960,000. Miezi mitatu inaleta 11,880,000.

Nje ya msimu: seti 2 mara 390,000 ni 780,000, matumizi 1,500,000, pengo ni 720,000. Miezi tisa inakula 6,480,000.

Mwaka mzima, faida ni 5,400,000 kabla ya kodi ya mapato. Si haba, lakini si duka ambalo mtaa unaliona mwezi Desemba. Siku ya mwaka mpya kuna karibu milioni 12 kwenye akaunti, na zaidi ya nusu yake si faida. Ni chakula cha miezi tisa ijayo. Mkulima anayeuza korosho zote na kununua pikipiki bila kuweka akiba ya dawa ya kupulizia ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, ameshika pesa za namna hiyohiyo.

Tawi linalofunguliwa Januari

Januari ndiyo kishawishi. Masasi kuna fremu nzuri karibu na stendi, na mwenyewe anataka kodi ya mwaka mzima. Hiyo ni 556,000 mara 12, yaani 6,672,000. Tawi haliwezi kufunguliwa tupu, kwa hiyo seti sita za kuanzia kwa 980,000 hadi kufika ni 5,880,000. Jumla 12,552,000, na bado hujalipa bango, rangi, leseni ya pili na mashine ya pili ya risiti. Milioni 11.88 zimekwisha na deni limeanza. Maana yake duka la Mtwara limemaliza Januari akiba yake ya kufika Septemba, na duka la Masasi limezaliwa mwanzoni mwa miezi ambayo halitauza seti nne.

Machi mishahara haitoshi. Hapo kianzio kinageuka kangomba. Mteja anaagiza seti, anaacha nusu, 700,000. Zamani pesa hiyo ilitumwa Dar es Salaam siku ileile. Sasa inakaa siku mbili kwenye droo, inalipa mlinzi, inalipa umeme, na oda inaandikwa “wiki mbili”.

Wateja kumi wakiacha kianzio zinapatikana 7,000,000. Zikiliwa zote, duka linadaiwa seti kumi zinazohitaji 9,800,000 ili zifike Mtwara, na salio la wateja halitolewi mpaka kochi lishuke mlangoni. Zitoke wapi? Zinatoka kwa wateja wapya 14 wanaoacha 700,000 kila mmoja. Kumi wa kwanza wanapata makochi yao, wanalipa salio, 7,000,000. Kama salio hilo linakwenda Dar kwa ajili ya wale 14, duka linapumua. Kama linakwenda kwenye mishahara ya miezi iliyopita, wale 14 watahitaji wengine 20. Hapo hutasikia mwenye duka akisema ana shida. Utaona bango jipya, punguzo kubwa, tangazo redioni. Anatafuta wale 20.

Mabango hayo hufanya kazi, na ndiyo maana mauzo hupanda mwaka wa mwisho. Punguzo la 200,000 kwa seti linaleta wateja kweli, ila 390,000 imekuwa 190,000, na sasa duka linahitaji kuuza karibu seti nane kwa mwezi kusimama palepale.

Mlango wa milioni 200

Hili huwakamata hata watu makini, tena halina uhusiano na tamaa.

Duka letu moja linauza seti 60 kwa mwaka, yaani milioni 84. Mawili ni milioni 168. Matatu ni milioni 252. Tangu Julai 2023, kiwango cha kulazimika kujisajili kwa kodi ya ongezeko la thamani Tanzania Bara ni mauzo ya milioni 200 kwa mwaka. Tawi la tatu linavusha mlango huo, na likishavuka, kodi inahusu maduka yote matatu, siyo lile la tatu peke yake.

Kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18, ndani ya bei ya 1,400,000 kuna kodi ya 213,559. Ungependa kuongeza bei, lakini jirani yako ni fundi wa mtaani anayeuza chini ya kiwango hicho, na mteja anayelinganisha makochi mawili haulizi nani kasajiliwa.

Kama mtengenezaji wako wa Dar naye amesajiliwa na anakupa risiti halali, ndani ya 900,000 zake kuna 137,288 unazoruhusiwa kukata. Unalipa tofauti, 76,271 kwa seti. Ile 390,000 inakuwa 313,729. Mara 60 ni kama 18,824,000, dhidi ya matumizi ya milioni 18. Faida ya duka kwa mwaka ni laki nane na kidogo.

Kama unanunua kwa mafundi wa Keko wasiosajiliwa, kwa sababu ndio wenye bei nzuri, huna cha kukata. Unalipa 213,559 zote. Inabaki 176,441 kwa seti, mara 60 ni 10,586,000. Kila duka linapata hasara ya zaidi ya milioni saba kwa mwaka, na yako matatu.

Hakuna aliyeiba na hakuna tawi lililouza vibaya. Mfumo wa ununuzi uliokuwa sahihi kwa duka moja ukawa sumu kwa maduka matatu. Anayetaka tawi la tatu anapaswa kubadili wauzaji wake kabla ya kutafuta fremu, au akubali kubaki na mawili. Kubaki na mawili si aibu, ingawa harusini hutaitwa mkurugenzi.

MFI: kipande kimoja kinapokosekana

Waingereza waliozaliwa kabla ya miaka ya 1990 karibu wote wanalijua jina MFI. Ilianza mwaka 1964, waanzilishi wakiwa Noel Lister na Donald Searle, ikauza samani za kuunganisha mwenyewe nyumbani: mbao za chipubodi zilizokatwa tayari, skrubu kwenye mfuko, karatasi ya maelekezo. Boksi bapa linapunguza ule ujazo ambao mwenye lori anatutoza, na MFI ikawa duka kubwa la majiko na vyumba vya kulala.

Mwaka 2004 ilipohamia mfumo mpya wa kompyuta wa kusimamia ghala na usafirishaji, mfumo ukakwama. Mzigo ukawa unafika pungufu au haufiki, ikabidi magari yarudi tena na tena. Ili kuelewa kwa nini jambo hilo liliuma kiasi kile, fanya hesabu hii. Jiko la kisasa lina makabati, milango, bawaba, droo, meza za juu. Tuseme vipande 60 kwenye oda moja. Ghala lako ni zuri, kila kipande kina uwezekano wa asilimia 98 wa kuwa sahihi. Uwezekano wa vipande vyote 60 kuwa sahihi ni 0.98 mara yenyewe mara 60, ambao ni karibu asilimia 30. Majiko saba kati ya kumi yanafika na kasoro, katika ghala ambalo kila kipande kimoja kimoja unakipa asilimia 98.

Na jiko lenye kasoro moja ni jiko lisilolipwa. Mteja hapiki kwa asilimia 98. Anazuia salio, gari linarudi na bawaba moja, fundi anasubiri. Wanaoleta makabati ya MDF kutoka Dar wanalijua hili kwa kiwango kidogo: kabati la vipande 12 kwa usahihi uleule linafika kamili mara 78 kati ya 100. Likipungua ukiwa umelifikisha Mtwara mjini, utatafuta bawaba madukani. Likipungua ukiwa umelipandisha Newala, safari ya pili inakula faida ya seti nzima. Dawa ni ya kizamani: fungua boksi Dar, hesabu vipande kwa orodha, funga tena, ndipo lipande lori. Robo saa kwa kabati. Wengi hawafanyi kwa sababu boksi lililofunguliwa halipendezi dukani.

Chipubodi ina ugonjwa mwingine pwani. Ni chembechembe za mbao zilizoshikwa na gundi, na ukingo wake usiofunikwa unanyonya unyevu kama sponji. Upepo wa bahari Mikindani na Lindi unatosha kuuvimbisha, skrubu ikalegea, mlango ukaning'inia. Mteja anasema umemuuzia uchafu na anataka pesa yake. Funika kila ukingo, na miguu ya kabati iinuliwe sentimita tano kutoka sakafuni inakopita maji ya kudeki. Mbali na hapo, inashangaza kwamba mninga na mkongo wa misitu ya Liwale na Kilwa unapakiwa kwenda kaskazini huku lori la chipubodi likishuka kusini kwa barabara ileile.

Turudi kwa MFI. Mwaka 2006 maduka yake yaliuzwa kwa pauni moja. Mzazi, yaani kampuni mama iliyoyauza, alibaki na Howdens, kitengo kilichoanza mwaka 1995 na kilichouzia mafundi ujenzi badala ya wanunuzi wa kawaida, bila fremu za kifahari. Novemba 2008, katikati ya msukosuko wa benki, MFI ikaanguka. Ilikuwa na maduka 111 na wafanyakazi kama 1,400, na kabla ya Krismasi yote yalikuwa yamefungwa. Hapo wenye majengo wakamgeukia mzazi aliyedhani amekwisha achana nayo: alikuwa mdhamini kwenye mikataba kadhaa ya pango, na udhamini haukuuzwa pamoja na maduka. Howdens hata hivyo ipo mpaka leo na inaendelea vizuri. Inamuuzia fundi anayejua anachotaka, anayerudi kila wiki, na asiyehitaji taa za urembo juu ya meza.

Mikataba mirefu ya pango ni somo ambalo Mtwara imelipia. Miaka ya 2012 na 2013 mji ulijaa matumaini ya gesi, na mwenye fremu alikuwa akipanga bei ya mji wa mafuta. Bomba likajengwa kwenda Dar es Salaam na likakamilika 2015. Dangote alifungua kiwanda cha saruji mwaka huohuo. Lakini wateja wa makochi ya milioni tatu hawakuja kwa idadi iliyotarajiwa. Aliyesaini miaka mitano kwa bei ya matumaini aliendelea kulipa matumaini.

Kukopesha, au Courts na msimu wa 2018

Courts ilianza Canterbury mwaka 1850 na ikawa na maduka mpaka Karibiani, Singapore na Morisi. Ilijulikana kwa kuuza kwa malipo ya polepole. Tatizo la kuuza hivyo liko kwenye daftari: faida unaiandika siku ya kuuza, pesa inakuja miaka miwili. Unaweza kuwa na faida kwenye karatasi na ukashindwa kulipa umeme. Kampuni ya Uingereza ilianguka Novemba 2004. Maduka ya nje yaliuzwa na jina bado liko Karibiani na Singapore, maana huko mteja alikuwa analipa.

Kusini, mkopo unafuata kalenda ya korosho: “chukua kochi sasa, utalipa mnada ukilipa.” Msimu wa 2017 bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo na waliokopesha walilipwa. Wakaongeza mikopo. Oktoba 2018 wakulima walikataa bei za minada ya mwanzo, Novemba Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa 3,300 kwa kilo, jeshi likaingia kubeba. Bei haikuwa mbaya. Kilichoua ni muda: uhakiki wa mashamba na malipo yaliingia mwaka 2019, wakati mali kauli ya muuzaji wa Dar iliiva Januari. Mkopeshaji wa samani alikuwa sahihi kwamba atalipwa, akafa akisubiri.

Barabara nayo ina kalenda yake. Mei 2024, kwenye mvua za kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi na Dar es Salaam ilikatika maeneo ya Kilwa, Somanga ikiwemo, magari yakalala huko siku kadhaa. Duka lenye kianzio cha watu ishirini na mzigo wao uko upande wa pili wa Somanga linahitaji akiba ya kulipa mishahara bila kuuza kitu. Tatizo ni kwamba mwenye kula kangomba hana akiba, na wiki moja ya maji inamfichua.

Mteja aangalie nini

Dalili ya kwanza ni kianzio kinachopanda. Duka lililokuwa linataka asilimia 30 sasa linataka 70, kisha “lipa yote upate punguzo”. La pili, wanauza seti ya maonyesho, ile ya katikati ya duka, kwa mteja aliyechoka kusubiri oda yake. La tatu, ukiuliza mzigo uko wapi unapewa jina la barabara badala ya namba ya lori.

Kabla ya kutoa pesa, soma risiti. Je, jina lililoandikwa ni la kampuni au ni jina la biashara tu? Yote mawili husajiliwa BRELA, lakini hayafanani. Jina la biashara ni la mtu, na mtu huyo anadaiwa yeye mwenyewe na mali yake. Kampuni ni kitu kingine: ikifa, mkurugenzi anaweza kuwa anaendesha gari lake barabarani na wewe huna cha kumdai. Lipa kwenye lipa namba au akaunti yenye jina lilelile la risiti, usitume kwenye simu ya kijana wa dukani. Karatasi ya oda iandikwe vipimo, aina ya mbao, kitambaa, tarehe ya kufika, na kwamba ikipita siku kadhaa pesa inarudi.

Kampuni ikifilisiwa kuna foleni. Benki iliyoshika dhamana inachukua dhamana yake. Gharama za mfilisi zinatoka. Mishahara na kodi za Serikali vina kipaumbele. Mteja aliyeacha kianzio yuko nyuma pamoja na mtu wa matangazo ya redio na mwenye lori. Akifika dirishani, mara nyingi hamna kitu.

Fundi wa mtaani naye huchukua kianzio, tena zaidi ya nusu. Tofauti ni kwamba kwake unaweza kwenda kesho yake ukaikuta mbao yako imeegemezwa ukutani, imeandikwa jina lako kwa penseli ya seremala. Huenda mbao hiyo ni mbichi na kitanda kikaachia maungio baada ya miezi sita, hilo ni shauri lingine. Mwambie aipange kivulini, ikiwa na vijiti katikati, kabla ya kuipiga randa. Lakini kianzio chako kimeshageuka mbao. Dukani, uliza swali hilohilo la seremala: pesa niliyoacha juzi, leo ni kitu gani, na kiko wapi? Mwenye duka mzima atakuonyesha hati ya oda aliyotuma Dar ikiwa na tarehe ya juzi. Mwingine atakuagizia soda.